Nani Hulipia Programu ya Wizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Wiki zilizofuata, huko Al Wakrah, mji wa pwani kusini mwa Doha, fundi mmoja wa Kitanzania alianza kupata wageni wengi kuliko kawaida. Walikuja Ijumaa, siku ambayo walinzi, madereva na wahudumu wa hoteli kutoka Tanzania, Kenya na Uganda hupata nafasi ya kushughulikia mambo yao. Kila mmoja alikuwa na kompyuta mpakato kwenye mkoba, na ombi lilikuwa moja: "Fundi, nipigie Windows mpya." Habari ya leseni hakuna aliyeigusa. Wengi hawakujua hata kwamba ile Windows 10 waliyokuwa nayo haikulipiwa na mtu yeyote. Walinunua mashine ya mtumba, wakaikuta imeshapigwa.

Fundi huyo ndiye mwandishi wa makala haya. Kazi ya kompyuta ameifanya tangu ujana wake Dar es Salaam, na ombi hilo amelisikia kwa lafudhi nyingi. Safari hii lilimkera zaidi, kwa sababu mashine nyingi zilizoletwa ni za zamani, hazina kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho Windows 11 inakidai. Njia iliyozoeleka mtaani ya kuiingiza humo ni ya mlango wa nyuma: kupakua toleo lililochezewa na mtu asiyejulikana, kisha kuwasha programu ya kudanganya leseni. Wenye mashine walikuwa tayari kabisa. Yeye hakuwa tayari, na sababu zake zina historia.

Mwaka 2002 alikuwa ameajiriwa kwenye steshenari moja ya Mwenge, Dar es Salaam. Biashara ilikuwa kuchapa barua za maombi ya kazi, kutoa fotokopi na kutengeneza kadi za harusi. Kompyuta zote zilitumia Windows XP, na CD moja ndiyo iliyozihudumia zote. CD yenyewe haikuwa na ganda. Jina lilikuwa limeandikwa juu yake kwa maka pen nyeusi, na chini ya jina zikafuata herufi na tarakimu 25 za ufunguo, makundi matano ya tano tano. Ufunguo ule ulikuwa maarufu dunia nzima. Ulitengenezwa kwa ajili ya kampuni kubwa zinazonunua leseni nyingi kwa mkupuo, kwa hiyo haukuhitaji kuthibitishwa, na ulivuja kabla hata XP haijaanza kuuzwa rasmi tarehe 25 Oktoba 2001. Mafundi wa Kariakoo waliujua kwa kichwa. Kuna aliyeweza kuuandika huku anazungumza na mteja, bila kutazama popote.

Septemba 2002 Microsoft ilitoa kifurushi kikubwa cha kwanza cha masasisho ya XP, na kifurushi hicho kikaukataa ufunguo ule. Ushauri ulioenea mtaani ukawa mmoja: zima masasisho, usije ukagundulika. Yakazimwa.

Agosti 2003 kikaja kirusi cha Blaster. Aliyefanya kazi siku zile atakumbuka: kisanduku kinatokea katikati ya kioo, kinatangaza kwamba mashine itazimika, na sekunde 60 zinaanza kurudi nyuma mbele ya macho ya mteja. Mama mmoja alikuwa ameketi pale akisubiri kadi za harusi ya binti yake. Majina ya kamati yalikuwa yameshachapwa yote, yakakatika. Yakaanza upya, yakakatika tena. Kiraka cha kuzuia kirusi hicho Microsoft ilikuwa imeshakitoa tarehe 16 Julai, karibu wiki nne kabla. Kilikuwepo, hakikuwa siri, lakini mashine za steshenari ile zilikuwa zimezibwa masikio makusudi.

Hapo ndipo mwandishi alipoanza kuelewa kwamba nakala ya wizi na nakala halali si kitu kimoja chenye bei mbili. Programu si kiti, ambacho ukishakitoa kwa seremala humhitaji tena. Programu inaendelea kutengenezwa kila mwezi na watu walioko mahali fulani, na anayeitenga na watu hao anabaki na kitu kinachooza taratibu. Mei 2017 dunia ilionyeshwa jambo hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, ilhali kiraka chake kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Si wote walioathirika waliokuwa na programu za wizi. Lakini aliyezima masasisho kwa kuogopa kukamatwa alikuwa amejiweka mwenyewe kwenye foleni hiyo.

Kumbukumbu ya pili ndiyo inayomuuma zaidi, na watu wachache huizungumzia.

Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux ulioendeshwa pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice. Ilikuwa programu kamili ya ofisi, yaani ya kuandika barua, kupiga mahesabu na kuandaa maonyesho ya mhadhara, na menyu zake zote zilikuwa kwa Kiswahili. Wataalamu walikaa wakatafuta maneno ya faili, hariri, chapisha na hifadhi ili karani wa Singida asilazimike kukariri Kiingereza ndipo achape barua. Na ilikuwa bure. Bure ya halali: unakili, umpe jirani, uweke kwenye mashine mia, hakuna wa kukuuliza.

Mwandishi aliipeleka CD yake kwenye steshenari kadhaa za Mwenge na Ubungo. Mwenye duka mmoja, mzee mwenye akili timamu ya biashara, aliigeuza geuza mkononi kisha akauliza, "Sasa kijana, mimi nitumie hii ya bure ya nini, wakati ile ya matajiri nayo naipata bure?"

Mwandishi hakuwa na jibu, na kwa hesabu ya mzee yule jibu halikuwepo. Kama programu ya dola mamia inapatikana kwa bei ya CD tupu, iliyotengenezwa na wenzako kwa lugha yako inakosa faida pekee iliyokuwa nayo sokoni. Mwaka 1976 Bill Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta wa Marekani barua ya wazi, akilalamika kwamba waliolipia toleo la BASIC aliloliandika na wenzake kwa ajili ya kompyuta ya Altair hawakufika hata asilimia 10 ya wenye kompyuta hiyo. Mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, alikuwa ameshaliona jambo hilo kwa jicho lingine. Alisema kwamba Wachina hawalipii programu, ila iko siku watalipia, na maadamu wanaiba, bora waibe za kwao Microsoft. Watazizoea, na kampuni itajua namna ya kukusanya fedha yake katika muongo unaofuata. Kwa Microsoft, basi, steshenari ya Mwenge haikuwa msiba. Ilikuwa ikifundisha vijana wa Dar es Salaam, bila mshahara, kutumia bidhaa zake. Aliyepoteza ni mradi wa Kiswahili.

Aliyepoteza mwingine aliishi Tanga. Mwaka 2009 mwandishi alifahamiana naye: kijana aliyesomea kompyuta chuoni, akarudi nyumbani, akaandika programu ya matokeo ya shule za sekondari. Mwalimu anaingiza alama, programu inapanga wanafunzi kwa nafasi, inakokotoa divisheni na kutoa ripoti ya kila mzazi tayari kwa kuchapwa. Kazi iliyowakesha walimu wa taaluma wiki nzima ikawa ya mchana mmoja. Aliiuza kwa shule ya kwanza kwa bei isiyofika hata mshahara wa mwezi wa mwalimu.

Muhula uliofuata alipita shule nyingine kuitangaza. Akaikuta ipo. Akaenda ya tatu, ipo. Ilikuwa imesafiri kwenye flashi, kutoka mwalimu kwa mwalimu, kila mmoja akidhani anamsaidia mwenzake. Shule moja ilimpigia simu kumlaumu kwamba programu "yake" inakosea wastani wa somo la hisabati, ikamtaka aje airekebishe haraka kwa kuwa wazazi wanakuja Jumamosi. Shule hiyo haikuwahi kumlipa senti. Alikwenda, akarekebisha, akarudi kwa daladala kwa nauli yake. Mwaka uliofuata aliiacha programu ile, akaenda kufanya kazi benki.

Wanaopinga uharamia wa programu hupenda kutaja takwimu za wakubwa. Muungano wa kampuni za programu, BSA, ulikadiria mwaka 2018 kwamba asilimia 37 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta duniani hazikuwa na leseni, na thamani yake ikawekwa kwenye dola bilioni 46.3. Mwandishi hazipuuzi hesabu hizo, lakini kwa maoni yake zimeandikwa kutoka upande mmoja. Zinahesabu kile ambacho kampuni haikukipata. Yule wa Tanga hayumo. Kazi yake iliuzwa shule moja na kutumika wilaya nzima, na hana muungano wa kumhesabia. Kampuni kubwa hustahimili, kwa sababu kwa kila watumiaji elfu wanaoiba lipo shirika au serikali inayolipa. Anayeuza shule kwa shule hana pa kufidia.

Mwandishi alihamia Qatar wakati nchi inajengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2022. Al Wakrah, mji wa wavuvi na wazamia lulu wa zamani, ulikuwa umezungukwa na mashine za ujenzi, na uwanja ambao leo unaitwa Al Janoub, wenye umbo la matanga ya jahazi, ulikuwa bado msingi. Wakandarasi wadogo walizaliwa kila wiki, na wote walihitaji programu za kuchora majengo, ambazo leseni zake ni ghali.

Katika ofisi moja ya namna hiyo, isiyo na haja ya kutajwa, mchoraji wa Kiganda aliambiwa na msimamizi wake atafute programu "kwa njia zake". Akatafuta, akaweka kwenye mashine za ofisi nzima, akasifiwa kwa wepesi. Programu za aina hiyo, hata zikiwa zimekrekiwa, mara nyingi huendelea kuwasiliana kimya kimya na waliozitengeneza pindi intaneti ikiwa wazi. Ikaja barua ya mwanasheria. Siku ya kikao, swali la kwanza halikuwa nani aliagiza. Lilikuwa: nani aliziweka?

Sheria ya Qatar ya hakimiliki, Na. 7 ya mwaka 2002, inalinda programu za kompyuta sawa na vitabu, na adhabu zake ni pamoja na kifungo na faini. Kwa mgeni kuna jambo zito zaidi ya faini: mwenye kesi anaweza kuzuiwa kusafiri, na kibali chake cha kuishi kimefungwa kwenye ajira. Ofisi ile iliyamaliza mezani kwa kununua leseni. Mchoraji hakupelekwa mahakamani, lakini mkataba wake haukuongezwa. Msimamizi alibaki kwenye kiti chake. Mwandishi alijifunza hapo kwamba programu ya wizi hushuka ngazi: faida inapanda juu, na lawama inamtafuta aliyebofya.

Nchi hiyo hiyo imewahi kuibiwa kwa namna iliyotikisa dunia ya matangazo. Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar, na miezi michache baadaye ikazuka beoutQ: chaneli kumi zilizokamata matangazo ya mpira ya beIN Sports ya Doha, zikayabandika nembo ya beoutQ na kuyarusha sekunde chache baadaye. Qatar ilipeleka malalamiko Shirika la Biashara Duniani, na Juni 2020 jopo la shirika hilo likaona kwamba Saudi Arabia ilishindwa kuchukua hatua za jinai dhidi ya beoutQ. Siku za beoutQ ving'amuzi vya bei poa vilikuwa vimeenea, na mazungumzo kwenye vibaraza vya chai ya karak yalikuwa yale yale ya vibanda umiza vya kutazamia mpira vya Dar es Salaam: beIN matajiri, wataumia nini? Juni 2019 beIN ilikuwa imeshapunguza wafanyakazi wapatao 300 mjini Doha, ikitaja uharamia kuwa sababu. Wenye hisa hawakufungasha mizigo kurudi kwao.

Lakini hakuna tukio lililomfundisha mwandishi kama la mwaka 2021, la kijana kutoka Kilifi. Alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, na mchana, pale usingizi ulipomruhusu, alipiga video za harusi na sherehe za Waafrika Mashariki. Kamera alikuwa nayo, nzuri kabisa, aliyoinunua kwa akiba. Alichokosa ni programu ya kukata na kuunganisha video. Akaitafuta kwenye intaneti, akaipata imekrekiwa, na maelezo yake yalianza kwa sharti moja: zima kwanza kinga ya virusi, la sivyo haitafanya kazi. Akaizima.

Alipofika kwa mwandishi, kila faili kwenye mashine yake ilikuwa imeongezewa mkia wa herufi nne mwishoni mwa jina. Harusi ya mteja, vyeti vyake vya shule vilivyoskaniwa, picha za mtoto wake wa kwanza ambaye alikuwa hajamwona ana kwa ana: vyote vimefungwa. Kwenye kila folda kulikuwa na faili moja mpya ya maandishi, _readme.txt. Ilisema kwa Kiingereza kwamba faili zitafunguliwa kwa dola 980, na anayewasiliana ndani ya saa 72 atapunguziwa nusu, alipe 490.

Hicho kilikuwa kirusi cha STOP, wengine hukiita Djvu, kilichoanza kuvuma mwaka 2018. Hakikulenga mabenki wala wizara. Kilijificha hasa ndani ya programu zilizokrekiwa na vifaa vya kutengeneza funguo za uongo, kwa hiyo kilichagua watu wa aina moja: wanafunzi, mafundi wadogo, wenye vibiashara vya mkononi. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho za chakula na malazi. Dola 490 ni takriban riyali 1,780. Hata baada ya "punguzo", kijana alitakiwa kutoa zaidi ya mshahara huo wa msingi wa mwezi mmoja na nusu.

Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilikuwa imetoa bure programu ya kufungua faili zilizofungwa na aina 148 za kirusi hicho. Mwandishi aliijaribu. Kwa matoleo mapya, matumaini yalibaki kwenye herufi mbili tu: utambulisho ulioandikwa mwisho wa ile barua ukiishia na t1, maana yake kirusi kilikosa mtandao kilipokuwa kinafunga, kikatumia ufunguo wake wa akiba, na huenda siku moja ufunguo huo ukapatikana. Walisogea wote wawili kwenye kioo, wakasoma herufi moja moja hadi mwisho. Haukuishia na t1.

"Kwa hivyo nilipe, kaka?" aliuliza.

Mwandishi alimwambia asilipe, kwa sababu hakuna dhamana kwamba mwizi atarudisha chochote, na kila anayelipa anagharamia atakayefuata. Kilichobaki ni kubadilisha nywila zote kwa kutumia simu, maana kirusi hicho mara nyingi huingia na mwenzake wa kuiba nywila, kisha kufuta mashine nzima. Kijana alirudisha fedha za bwana harusi. Video ya siku ile haipo tena popote.

Uchungu wake ni kwamba programu halali za kuhariri video zisizolipiwa zipo, na zinatosha harusi yoyote. Hakuzijua. Kwenye mtaa wa mafundi, jina linalojulikana ni la programu ghali, na njia inayojulikana ni ya kuikreki.

Hapa haki itendeke kwa walalahoi. Leseni ya Windows ya nyumbani imekuwa ikiuzwa dola 139 Marekani, kama riyali 506, nusu ya kima cha chini cha mlinzi wa Al Wakrah. Bei hiyo ilipangwa kwa kumtazama mtu wa kipato kingine kabisa, na kumwita mlinzi mwizi bila kuitaja ni kukwepa nusu ya suala. Halafu kwa miaka mingi hata mwenye nia ya kulipa hakuwa na kadi ya benki ya kulipia. Mwandishi anaamini bei hizo zinapaswa kulalamikiwa waziwazi na kwa sauti. Ndiyo maana Ijumaa zile za baada ya Oktoba 2025 aliwawekea wageni wake waliokubali Linux Mint na LibreOffice, mrithi wa ile OpenOffice iliyowahi kuvalishwa Kiswahili. Wenye leseni halali ya Windows 10 aliwaonyesha namna ya kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho wa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Baadhi waliondoka wameudhika, wakaenda kwa fundi mwingine. Mashine zao zinafanya kazi leo. Mwandishi anahofia mwakani.

Yule wa Tanga naye amerudi kwenye programu. Aliacha benki, akaiandika upya kazi yake, safari hii ikikaa kwenye seva na shule zikiingia kwa intaneti, zikilipa kwa muhula kupitia simu. Flashi haina cha kubeba, na malipo madogo yanafika bila kadi wala benki.

Mwezi uliopita chama cha kufa na kuzikana cha Watanzania wa Al Wakrah, ambacho daftari lake la michango lilikuwa kwenye moja ya kompyuta zilizoletwa Ijumaa, kilimwomba huyo wa Tanga awatengenezee mfumo kama huo. Kikao kilifanyika kwa simu, sauti yake ikitoka Tanga. Mweka hazina, mama asiyependa maneno mengi, alikuwa na maswali mawili: siku wakishindwa kulipa, watayapataje majina na michango yao yote? Na hitilafu ikitokea usiku wa msiba, atapokea simu? Alimjibu kwamba wanachama wataweza kupakua daftari lote wakati wowote, walipe wasilipe, na namba yake akaisoma hapo hapo. Mama akataka yote mawili yaandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza.